Mashine ya Usingizi Ikimshinda Mgonjwa

SWALI: Mume wangu hukatika pumzi usingizini. Amepewa mashine ya kupuliza hewa, lakini kila usiku huivua barakoa. Kuna njia nyingine?

JIBU: Mashine hiyo, ambayo Colin Sullivan wa Sydney aliitangaza mwaka 1981, husukuma hewa ili koo lisizibe. Wanaoikimbia ni wengi, na mara nyingi mkosaji ni barakoa, si mgonjwa. Ikivujisha hewa, macho hukauka: abadilishiwe saizi, au ajaribu ile ndogo ya puani. Koo likikauka, kuna kifaa cha kuongeza unyevu. Kuivaa mchana akitazama televisheni nako humzoesha.

Ikishindikana kabisa, daktari wa meno mwenye ujuzi huo anaweza kumtengenezea kifaa cha kusogeza taya la chini mbele. Huwafaa zaidi wenye tatizo dogo au la wastani. Wengine huzibwa wakilala chali tu. Hao walale ubavu.

Pombe ya usiku? Aiache, hulegeza misuli ya koo.

Kwa wanene, kupunguza uzito husaidia sana. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha sindano ya kupunguza uzito iitwayo tirzepatide kwa wanene wenye tatizo la wastani au kali.

Mashine asiiache kabla ya kuzungumza na daktari, na akisinzia mchana asiendeshe gari.