Akiba haiozi, ila ukiifungia mbichi

Mdogo wangu, kaa hapa kwanza. Najua una haraka. Barua ya uhamisho imetoka, mwenye nyumba anataka chumba chake mwisho wa mwezi, na wewe unazunguka na selotepu mkononi ukitupia vijiko ndani ya viatu. Wengi tumefungasha hivyo, wengine tukiwa tunalia. Hakuna wa kukucheka. Weka tu hiyo selotepu chini, tuzungumze.

Waliosema akiba haiozi hawakuwahi kuweka mapazia kwenye chumba cha uani Dar es Salaam, masika yakawakuta. Mimi niliweka. Mwaka ule nilipopelekwa Songea kikazi, niliacha vitu vyangu Temeke kwa mama mdogo. Mapazia niliyafua asubuhi ya safari, mawingu yakatanda, hayakukauka sawasawa. Nikajisemea, "Yatakaukia humo humo." Nikayashindilia kwenye begi la shangazi kaja pamoja na vitenge nilivyotunzwa siku ya harusi, nikakaza kamba, na juu nikazungushia nailoni ili vumbi lisiingie. Nilirudi baada ya miezi tisa. Nilipofungua, harufu ilinirudisha nyuma. Vitenge vilikuwa na madoa meusi ya ukungu, yale ambayo unaloweka, unasugua, unaanika, na bado yanakutazama. Nililia pale uani mpaka mama mdogo akadhani nimefiwa. Mwizi hakuwa ameingia. Maji yale niliyafungia mwenyewe, kwa kamba na nailoni.

Ndiyo maana nakusumbua. Wewe unanunua kufuli kubwa, na unyevu umeshapakiwa ndani. Fua mapema, siku tatu au nne kabla, uanike mpaka pindo na mifuko vikauke. Godoro litoe juani. Usiligubike nailoni kila upande kama maiti. Livishe shuka kuukuu lipumue, wala usilirundikie mabegi juu, maana sponji iliyobonyezwa miezi hairudi. Sakafu ya saruji nayo inapandisha unyevu hata kama haivuji, kwa hiyo panga matofali, weka mbao, ndipo uweke vitu, na uache upenyo kati yake na ukuta. Mchwa hupita ukutani, na boksi la karatasi kwao ni pilau. Maboksi ya kuokota dukani mara nyingi huja na mayai ya mende tayari. Vitabu na nguo nzuri tafutia ndoo za plastiki zenye mifuniko.

Halafu friji, hapo ndipo mnapoharibikiwa sana. Unalichomoa asubuhi, mchana liko kwenye kirikuu, jioni umelifungia stoo na barafu yake. Ligandue, lioshe, lifute, liache wazi siku nzima. Ukiliweka, mlango usifungwe kabisa. Kunja kitambaa ukibane katikati, na ndani tia vipande vya mkaa vinyonye harufu. Kama pana watoto, ligeuze mlango uelekee ukutani, maana mtoto akiingia humo na mlango ukafunga anakosa hewa. Na kama lilisafiri limelazwa, usilichomeke kwenye umeme hapo hapo ukifika. Mafuta ya kompresa yamehama. Lisimamishe mpaka kesho yake. Najua una hamu ya maji baridi. Vumilia.

Sahani zifunge magazeti uzisimamishe kama vitabu. Betri zitoe kwenye rimoti, zikivuja zinakula vyuma. Unga, mchele na maharage gawa, usiache hata punje, maana panya akija kwa ajili ya unga ataonja na kochi. Vyeti na hati ya kiwanja havikai stoo. Unasafiri navyo.

Kuna jambo moja sitalipita mbio. Vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo mnavimwaga kwenye nguo kama karanga. Mtoto huvidhani pipi. Tena usiviweke kabisa kwenye nguo za mtoto mchanga. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali isiyo ngeni kwenye maeneo yetu ya malaria; akivishwa nguo iliyokaa na vidonge hivyo, chembe zake za damu zinaweza kuvunjika, ukamwona anageuka manjano, mkakimbizana hospitali usiku. Majani makavu ya mwarobaini waliyotumia bibi zetu yanakutosha.

Sasa tuseme la ndugu, maana najua linakuumiza kuliko ukungu. Uliacha blenda kwa wifi, umerudi umeikuta imeungua, na sasa hamsalimiani. Yeye alidhani umemwachia atumie. Wewe ulidhani anajua hairuhusiwi. Hakuna aliyemwambia mwenzake! Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari hilo mliandike wawili, mkiwa bado mnacheka. Piga picha kila kitu, andika kipi anaweza kutumia na kipi kikae, na utarudi lini. Binafsi, friji ningemwambia alitumie, kuliko likae kimya mwaka mzima. Na usimfanye ndugu stoo ya bure. Kila mwezi tuma chochote, hata cha soda. Ukikodi stoo ya kulipia, soma mkataba mpaka mwisho, hasa pale panaposema nini kitatokea kodi ikichelewa, na nani atabeba hasara mvua ikiingia. Watu wanasaini huku wanashusha makochi, kisha wananiandikia wakilia.

Na mtungi wa gesi? Usinyamaze, nakuuliza wewe. Gesi ya kupikia ikivuja haipai ikatokea dirishani. Ni nzito kuliko hewa, inalala chini chumbani ikisubiri cheche. Najua umeuficha nyuma ya kabati ukidhani sitauliza. Mwachie jirani aupikie, au uuze, lakini usiku huu usilale haujatoka humo ndani.