Samaki ni halali, baruti je?

WAPO wanaosema kuwa samaki ni halali hata akikutwa amekufa, hivyo haidhuru amevuliwa kwa mshipi au kwa baruti. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Surat Al-Maida, aya ya 96, imetuhalalishia mawindo ya baharini, na samaki hahitaji kuchinjwa. Lakini uhalali wa nyama ni jambo moja, na uhalali wa njia ya chumo ni jambo jingine. Mkate ni halali. Mkate wa wizi je?

Tuitazame kazi ya baruti. Mlipuko hauchagui. Huua samaki wakubwa na wachanga kwa pamoja, na wengi huzama bila kuokotwa. Huo ni israfu. Pia huvunja matumbawe, ambayo ni makazi na malisho ya samaki, na kurudi kwake huchukua miaka mingi. Mvuvi wa dema anayekuja kesho hukuta jangwa. Hapa ndipo inapoingia kanuni ya fiqhi inayokataza kudhuru na kudhuriana. Nayo Surat Ar-Rum, aya ya 41, imeunasibisha uharibifu wa bara na bahari na mikono ya watu wenyewe.

Wapemba wametupa mfano. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kilifanywa hifadhi mwaka 1998. Wenyeji husimulia kuwa Nabii Khidhr aliswali hapo, na jina la kisiwa hulihusisha na msala. Ilionekana kuwa makatazo ya serikali peke yake hayatoshi. Mwaka 1999 wavuvi na viongozi wa dini wakakutanishwa katika mafunzo yaliyoeleza kuwa bahari ni amana, na mwanadamu ni khalifa atakayeulizwa. Askari wa doria anaweza kukwepwa usiku. Mwenyezi Mungu hakwepwi.

Na sisi wa mjini tusijitoe. Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 imekataza baruti, lakini mvuaji haramu hutegemea mnunuzi. Samaki wa baruti ana dalili: nyama imelegea, uti umevunjika, damu imevilia ndani. Ukimtambua ukamnunua kwa sababu ni rahisi, umesaidia dhambi, na Al-Maida, aya ya 2, imetukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Tumuulize muuzaji amevuliwaje, na maimamu walitaje jambo hili katika khutba.

Wabillahi tawfiq.