Funga Mlango Mara Moja, Nenda Kuhesabiwa

Kila Desemba Arusha hupungua watu. Magari ya Moshi na Rombo hujaa, nauli hupanda kimyakimya, na utani wa kila mwaka huanza: Wachaga wanakwenda kwao kuhesabiwa. Huku kwetu Terrat, kusini mwa jiji, viwanja vipya vimejaa watu tuliotoka Rombo, Same, Babati na Singida. Wiki ya Krismasi unaweza kupita njia nzima ukakuta mageti yana kufuli kwa nje. Vibaka nao wana kalenda. Wanajua nani kaondoka, wanajua nyumba zetu zimeachana, na wanajua upepo wa huku hugonga mabati usiku kucha hata kishindo kimoja zaidi hakimshtui mtu.

Kwa hiyo sitakwambia kwamba kuogopa wezi ni upuuzi. Ninaandika kwa ajili ya yule ambaye hofu imemvuka kipimo. Anafunga mlango, anausukuma, anatembea hadi barabarani, anarudi kuusukuma tena. Akifika Usa River tumbo limekaza. Akifika Boma Ng'ombe anatafuta kisingizio cha kushuka na kupanda gari la kurudi. Akifika kwao, anakaa mbele ya ndizi nyama akiwaza dirisha la jikoni. Nimeishi hivyo miaka mingi, na sasa nina nafuu kubwa. Haya ndiyo ninayoyafuata.

1. Tenganisha ulinzi na wasiwasi

Kabla sijafanya jambo lolote kwa sababu ya hofu, najiuliza swali moja: je, jambo hili linampunguzia mwizi nafasi? Kubadilisha kitasa kilicholegea kunampunguzia. Kuingiza mtungi wa gesi ndani kunampunguzia. Kugusa kufuli mara ya tano hakumpunguzii kitu, maana lilishafungwa mara ya kwanza. Kinachopungua hapo ni wasiwasi wangu, tena kwa dakika chache tu. Wasiwasi ni kama mbuzi wa jirani: ukimtupia maganda leo, kesho utamkuta getini mapema zaidi.

Andika orodha mbili kwenye karatasi. Ya kwanza iwe ya ulinzi, na hiyo utaitekeleza yote. Ya pili iwe ya mambo unayoyafanya ili roho itulie: kurudi, kugusa, kupiga simu, kuuliza "una uhakika nilifunga?" Hiyo ya pili ndiyo utakayoiacha, kidogo kidogo.

2. Ulinzi uishe kabla ya siku ya safari

Asubuhi ya safari kichwa hakitulii. Ukiacha kazi ya ulinzi hadi saa hiyo, utaifanya kwa hofu, na kazi ya hofu haiishi. Mimi humaliza siku moja au mbili kabla.

Anza na nyuma ya nyumba. Wengi wetu tulihamia kabla ujenzi haujaisha: grili za mbele zimewekwa, za nyuma zinasubiri pesa. Mwizi hana haja na mbele. Dirisha lenye nyavu peke yake linamtosha mtu mwenye mti mrefu wenye ndoano, basi sogeza kila kinachovutika mbali na dirisha. Ngazi ya fundi, sululu, nondo zilizobaki uani, vyote viingie ndani; hizo ni zana za kuvunjia ulizomwekea mwenyewe.

Anua nguo zote kambani. Taa ya nje inayowaka saa sita mchana inatangaza kwamba hakuna mtu, na umeme wa LUKU ukiisha, inazimika usiku ule ule ulioitegemea. Ni heri jirani aiwashe na kuizima, au ufunge taa inayojiwasha giza likiingia, na uniti ziwe za kutosha. Piga picha risiti za vitu vya thamani na uandike namba zilizo nyuma ya televisheni na kompyuta. Polisi wataziuliza.

Kisha watu, na hapa ndipo penye uzito. Nchi hii imezoea kujilinda kwa macho ya jirani. Mabalozi wa nyumba kumi walianza enzi za TANU, miaka ya 1960. Sungusungu walitokea kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo mitaani tuna ulinzi shirikishi. Lakini ukilipa mchango wa ulinzi kila mwezi bila kumfahamu hata kijana mmoja anayezunguka usiku, umenunua nusu ya ulinzi. Nenda uwasalimie. Mwambie mwenyekiti wa mtaa unaondoka lini na unarudi lini. Jirani mmoja unayemwamini abaki na ufunguo wa geti. Picha za safari zisubiri. Usiziweke kwenye stetasi ukiwa bado Rombo.

Orodha ikiisha, weka alama ya vema na uikunje. Haifunguliwi tena.

3. Funga mara moja

Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, walichapisha jaribio ambalo lilinifumbua macho. Waliwachukua watu wazima wasio na ugonjwa wowote, wakawapa jiko la gesi la kuchorwa kwenye kompyuta, wawashe, wazime, kisha wahakikishe limezimwa. Baadhi yao walirudia kazi hiyo mara 20. Mwishoni walipoulizwa walichokagua mara ya mwisho, walijibu sawasawa kama wenzao ambao hawakulirudia jiko. Kumbukumbu yao ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni imani yao juu ya kumbukumbu hiyo: waliiona hafifu, yenye ukungu, isiyoaminika.

Maana yake ni hii: huwi na shaka kwa sababu umesahau. Unakuwa na shaka kwa sababu umekagua mno. Kila ukirudi kwenye mlango unaongeza picha nyingine ya mlango kichwani, na zikishakuwa nyingi hujui ipi ni ya leo.

Kwa hiyo funga mara moja, polepole, bila simu sikioni na bila kumfokea mtoto aliyesahau viatu. Sikia ufunguo ukizunguka, utoe, ondoka. Kuna wanaopiga picha ya kufuli ili waiangalie njiani. Nami nilipenda ujanja huo, hadi nikaanza kujiuliza kama picha ni ya leo au ya safari iliyopita. Picha ya kufuli ni kukagua kwa njia nyingine, iache.

4. Shaka ikikukuta njiani, iache ipande nawe

Itakuja. Usishindane nayo kwa hoja, maana ukijibu "nilifunga", itauliza "na dirisha je?" Ukijibu la dirisha, itauliza la paa. Mimi nimejifunza kuijibu hivi: huenda nyumba iko salama, huenda wameingia, nitajua nikirudi. Kisha naendelea na nilichokuwa nafanya: kuzungumza na abiria mwenzangu, kununua ndizi dirishani, kuhesabu pesa ya zawadi.

Jibu hilo linauma kwa mara za kwanza. Moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa. Lakini hofu isiyopewa inachotaka hupanda, hukaa, kisha hushuka yenyewe. Tiba ya mazungumzo ya ugonjwa huu wa wasiwasi na kukagua imejengwa juu ya jambo hilo. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London alieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wawili kwa kuwaweka karibu na wanachokiogopa na kuwazuia wasifanye kile walichozoea kufanya ili watulie. Wakapata nafuu. Njia hiyo imeboreshwa tangu hapo, na hadi leo ni miongoni mwa zinazoaminika zaidi.

Usianze na Rombo. Panga ngazi. Kwanza nenda soko la Kilombero bila kurudi kukagua. Ukizoea, kaa mjini hadi jioni. Halafu lala Moshi usiku mmoja. Ni kilometa 80 hivi tu, lakini kwa mwenye wasiwasi ni mbali. Ngazi moja ikishakuchosha kwa kutokuwa na jipya, panda inayofuata.

5. Usimgeuze jirani kuwa kufuli la pili

Simu imetupa njia mpya ya kurudi nyumbani bila kushuka garini. Jirani yangu ni mama wa Kiarusha, mtu mzima, ambaye hapa wote tunamwita Yeyo. Nilikuwa nikimpigia asubuhi, mchana, na tena usiku baada ya mbwa kubweka kichwani mwangu. Mwisho akaniambia, "Mwanangu, ukinipigia kila saa, nami naanza kuogopa. Nikiona jambo nitakupigia. Nisipopiga, kula Krismasi."

Huo ndio ukawa mkataba wetu, na ninakushauri uufanye na wako kwa maneno ya wazi kabla ya kuondoka: yeye anapiga pakiwa na tatizo, wewe hupigi. Mwombe pia kwamba ukikosa subira ukapiga kuuliza habari za nyumba, asikujibu swali hilo. Ukiwa na kamera zinazoonekana kwenye simu, panga ziangaliwe mara moja kwa siku kwa saa maalumu, au mwachie ndugu mwingine kazi hiyo. Kamera inayofunguliwa kila dakika kumi inakulinda vibaya kuliko mlango wa bati.

6. Jua utafanya nini wakiiba

Hofu inakuonyesha mlango uliovunjwa, kisha inakata picha hapo. Imalizie. Jirani anakupigia. Anamjulisha mwenyekiti na polisi. Namba ya dharura ni 112. Hakuna anayegusa kitu hadi wafike. Unapewa RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, unakabidhi namba za vifaa vyako. Fundi anafunga mlango siku hiyo hiyo. Umepoteza televisheni, sabufa, labda mtungi. Inauma, na ina mwisho. Mwombe jirani jambo moja zaidi: kijana akikamatwa, apelekwe kituoni akiwa hai. Televisheni yangu haistahili tairi na petroli.

7. Ukishindwa peke yako

Kama kukagua na kuwaza kunakula zaidi ya saa moja kila siku, au umeacha kwenda misibani na kwenye harusi kwa sababu ya mlango, nenda ukaonwe. Madaktari hutumia kipimo hicho cha saa moja kuutambua ugonjwa huu. Arusha unaweza kuanzia hospitali ya mkoa, Mount Meru, ukaulizia huduma ya afya ya akili. Moshi kuna hospitali ya KCMC. Zipo dawa zinazosaidia, zikiandikwa na daktari, na yapo mazungumzo ya tiba ya aina niliyoieleza. Wengi huogopa kwa sababu mtaani jina la Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, limegeuzwa tusi. Lakini kuonwa na daktari wa akili si kupelekwa Dodoma. Wengi wetu hutibiwa tukitokea nyumbani na kazi zetu zikiendelea. Sala nazo zisali, ila ukiona unarudia ombi lile lile la mlango hadi "litoke vizuri", huo ni ukaguzi mwingine. Mweleze daktari, na mchungaji au shehe wako pia.

Mwisho, lipa deni. Ukirudi, mletee jirani mkungu wa ndizi, kisha pokea nawe ufunguo wake atakaposafiri. Yeyo alipokwenda Monduli kwenye sherehe ya ukoo aliniachia boma lake lote. Alinipigia mara moja tu, kuuliza kama mbuzi wamenyweshwa. Walikuwa wamenyweshwa, akakata simu akaendelea na sherehe. Nilijifunza mengi zaidi kwa simu ile fupi kuliko kwa mashauri yote niliyopewa. Shika ufunguo wa mwenzio angalau mara moja kabla ya Desemba ijayo.