Somo la 4: Fyuzi Iliyoungua Imetimiza Wajibu Wake



Fyuzi inapoungua, taa huzimika au chombo husimama, na wengi wetu huichukulia kuwa kero ya kuondolewa haraka. Hapo ndipo hutafutwa kipande cha waya, msumari au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ili umeme urudi. Umeme hurudi kweli, lakini nyumba hubaki bila mlinzi. Somo hili linaeleza sababu.

Fyuzi hufanya kazi gani?

Fyuzi ni waya mwembamba uliowekwa makusudi uwe sehemu dhaifu kuliko zote katika njia ya umeme. Umeme ukizidi kiwango, waya huo hupata joto, huyeyuka na kuikata njia kabla nyaya zilizomo ukutani na darini hazijadhurika.

Unene wake umepimwa. Katika fyuzi za kufunga waya, ambazo bado zimo katika nyumba nyingi za zamani, waya wa ampea 5 una kipenyo cha milimita 0.2, na wa ampea 15 una milimita 0.5. Waya wa kawaida wa taa, wenye ukubwa wa milimita za mraba 1.5, huweza kupitisha zaidi ya ampea 100 kabla ya kuyeyuka. Anayeuweka mahali pa fyuzi hajaitengeneza fyuzi, bali ameiondoa. Kuanzia hapo, sehemu dhaifu ni nyaya zilizofichwa, na zikiungua hakuna anayeziona.

Kwa nini huungua?

Sababu kubwa ni tatu: mzigo kuzidi, shoti inayotokana na nyaya kugusana, na hitilafu ndani ya chombo chenyewe.

Tuchukue mfano wa mzigo. Ampea hupatikana kwa kugawanya wati za chombo kwa volti za umeme, ambazo nchini ni 230. Jagi la umeme la wati 2,300 hutumia ampea 10. Jiko la sahani mbili la wati 2,300 hutumia ampea 10 nyingine, na pasi ya wati 1,150 hutumia ampea 5. Vyote vikichomekwa katika waya mmoja wa nyongeza wenye fyuzi ya ampea 13, jumla ni ampea 25. Baada ya muda fyuzi itaungua, na itakuwa imefanya haki.

Sasa tuseme mwenye nyumba ameizungushia karatasi ya kung'aa. Joto katika waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha ampea. Hivyo mzigo ulio karibu maradufu huzalisha joto linalokaribia mara nne. Plastiki ya waya hulainika, hupasuka, na siku moja hushika moto. Huenda isiwe siku hiyo, na ndiyo maana watu hudhani wamefaulu. Huenda ikawa usiku, watoto wamelala, na moshi wa plastiki una sumu.

Hatari ya pili: kupigwa na umeme

Waya wa umeme ukichomoka ndani ya pasi au jokofu na kugusa bati la nje, waya wa ardhini huupeleka umeme huo ardhini kwa wingi, na fyuzi hukata mara moja. Fyuzi ikiwa imezibwa, bati hilo laweza kubaki na umeme likimsubiri wa kuligusa. Ikumbukwe pia kwamba hata fyuzi nzima haitoshi kumlinda mtu, kwa kuwa chini ya sehemu ya kumi ya ampea moja huweza kuua. Kwa hiyo inafaa pia kuwa na kifaa kinachokata umeme unapovuja, chenye kiwango cha miliampea 30.

Fyuzi ikiungua, fanya hivi:

1. Zima swichi kuu na uchomoe vyombo vyote vilivyokuwa katika njia hiyo.
2. Kagua kila chombo: waya uliochubuka, plagi iliyobadilika rangi, harufu ya kuungua. Chenye dalili hizo kisichomekwe tena.
3. Punguza mzigo. Jagi, jiko na pasi visitumie waya mmoja wa nyongeza kwa wakati mmoja.
4. Weka fyuzi mpya ya kiwango kile kile. Kwa plagi za pini tatu, ampea 3 hutosha chombo kisichozidi wati 700. Ampea 13 ni kwa chombo kikubwa zaidi, hadi wati 3,000.
5. Ikiungua tena, acha. Muite fundi mwenye leseni ya EWURA, na umwombe akuonyeshe leseni hiyo kabla hajaanza kazi.
6. Usifungue mita wala kifaa chochote chenye lakiri ya TANESCO.

Moto ukitokea, toeni watu nje kwanza, kisha piga simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Usimwage maji kwenye umeme.

Kumbuka: fyuzi ya plagi ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa nyumbani. Anayeikwepa gharama hiyo huiweka rehani nyumba nzima pamoja na waliomo.