Sonona, miti ya dawa na imani yetu



Vijana wenzangu, huku kwetu Tanga ukisema tu kwamba moyo mzito, hulali, chakula hakipiti, hakosi mtu wa kukwambia: "Kuna mzizi, tutakuchemshia." Mimi sibezi miti ya dawa. Misitu ya Usambara imejaa mimea, na aliyeiotesha ni Mungu. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinafundisha kwamba dawa hutoka ardhini kwa mpango wake. Ila sura hiyohiyo inatutaka pia tusali na tumpe tabibu nafasi yake. Tusichague kimoja tukaacha vingine.

Kwanza tuelewane: sonona ni ugonjwa. Si uvivu, si pepo, wala si upungufu wa imani.

Mmea uliochunguzwa sana kwa sonona ni wa Ulaya, nao una jina la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, maana huchanua karibu na sikukuu yake, tarehe 24 Juni. Husaidia sonona isiyo kali. Lakini mmea huohuo hupunguza nguvu ya ARV, na ukichanganywa na vidonge vya sonona unaweza kuleta hatari. Kwa hiyo "dawa ya asili" haina maana "haina madhara".

Katika kikundi chetu dada mmoja aliambiwa achague: mizizi au vidonge. Akaacha vidonge ghafla. Haukupita mwezi, akawa hatoki chumbani. Tulimsindikiza kwa daktari, akaanza upya taratibu. Sasa amerudi kwaya.

Na si kwamba waganga na madaktari hawaelewani. Miaka ya 1990, hapahapa Tanga, waganga wa tiba asili na watu wa hospitali walishirikiana kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI. Hata kwa sonona inawezekana.

Basi tushike haya:

1. Huzuni ikizidi wiki mbili, nenda kituo cha afya.
2. Mwambie daktari kila unachokunywa, hata kama ni cha bibi.
3. Usiache vidonge bila kumuuliza.
4. Ukiwaza kujidhuru, usisubiri kesho. Mwambie mtu sasa hivi, akupeleke hospitali.
5. Sali, na uwaombe wenzako wasali nawe. Upweke unalisha sonona.

Mtakatifu Dymphna, msimamizi wa wagonjwa wa akili, utuombee.