Neno, Kitu na Tendo: Kufundisha Maneno ya Kwanza ya Kompyuta

Makala hii imekusudiwa kuwasaidia wanachuo ambao, watakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha au watakapopangiwa shule, watatakiwa kuwafundisha watoto maneno ya mwanzo ya kompyuta na namna ya kupita ndani yake pasipo kupotea. Mifano yote ni ya darasa la kawaida, yaani darasa lenye watoto wengi, kompyuta moja au mbili, na umeme usiotegemeka.

Kisa cha dirisha

Mwaka mmoja nilikwenda kumkagua mwanachuo aliyekuwa akifundisha Darasa la Tano. Andalio lake la somo nilikuwa nimelisoma na kulitia sahihi mwenyewe. Lilikuwa safi, lina madhumuni, hatua na tathmini. Aliandika ubaoni maneno ishirini na manne pamoja na maana zake, watoto wakanakili, kisha wakasoma kwa pamoja kwa sauti: "Dirisha ni sehemu ya skrini yenye mipaka, inayoonyesha kazi ya programu moja." Zilipobaki dakika kumi, kompyuta ya pekee ya shule iliwashwa juu ya meza. Mwalimu akamwita msichana mmoja, akamwambia, "Funga dirisha." Mtoto akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la darasa, akalifunga.

Darasa zima likaangua kicheko. Mtoto akarudi kuketi, akainamisha kichwa, na kwa muda wote uliosalia hakunyosha kidole tena. Baada ya kipindi mwanachuo aliniambia kwamba yule mtoto ni mzito wa kuelewa. Nilimwuliza ni nani hasa aliyekosea. Mtoto alikuwa ametii amri kwa lugha aliyoijua tangu utotoni, na hakuwa ameonyeshwa dirisha jingine lolote. Kosa lilikuwa la mwalimu, na kwa kuwa nililipitisha andalio lile, lilikuwa langu pia.

Tangu siku hiyo nimeshika kanuni moja, nayo ndiyo kiini cha makala hii: mtoto aone kitu kwanza, atende jambo kwa mkono wake, ndipo apewe neno.

Asili ya maneno haya

Maneno mengi ya kompyuta ni maneno ya mfano. Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 katika Stanford Research Institute, California, kutokana na mawazo ya Douglas Engelbart. Kilikuwa kijisanduku cha mti chenye magurudumu mawili chini yake, na waya wake ulifanana na mkia. Mwaka 1968 Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco. Baadaye, mwaka 1981, kampuni ya Xerox ilitoa mashine iliyoitwa Star, ambayo skrini yake ilipangwa kwa mfano wa ofisi: palikuwa na picha ndogo za karatasi, za makabrasha na za makabati. Mpango wa namna hiyo uliigwa na kuendelezwa na kampuni nyingine, nasi tunauona hadi leo.

Karani wa Marekani alipoketi mbele ya mashine kama hiyo alikuta vitu alivyovizoea, na mfano ukamsaidia. Mtoto wetu ambaye hajapata kuingia ofisini hupewa mfano wa kitu asichokijua ili aelewe kitu kingine asichokijua. Hapo mfano humwongezea mzigo. Ni wajibu wa mwalimu kumletea kitu chenyewe darasani, au kumtafutia mfano mwingine ulio karibu naye.

Upo pia mtego wa lugha ambao wanachuo wengi hunaswa nao. Katika ofisi zetu, "faili" ni lile jalada gumu linalotiwa karatasi nyingi. Katika kompyuta, faili ni kazi moja tu: barua moja, picha moja, au orodha moja ya mahudhurio. Kile kinachobeba mafaili mengi huitwa folda, au kabrasha. Mwalimu asipoeleza tofauti hii, mtoto mwenye akili nzuri, ambaye amewahi kusikia wakubwa wakizungumza juu ya faili la ofisini, ndiye atakayechanganyikiwa zaidi.

Kuhusu uteuzi wa maneno, vitabu vingine huandika kompyuta na vingine tarakilishi; vingine kibodi na vingine baobonye. Chagua neno moja na ulitumie siku zote. La pili litaje mara moja, ili mtoto akilikuta kitabuni asishangae. Ikiwa kompyuta ya shule inaonyesha maneno ya Kiingereza, andika ubaoni neno lile kama linavyoonekana kwenye skrini, na mbele yake neno la Kiswahili, baada ya tendo kufanyika.

Masomo ya mfano

Yafuatayo ni masomo matano mafupi. Yasifundishwe kwa siku moja. Vifaa vyake vinapatikana popote: viberiti vitupu, maboksi ya karatasi ngumu, chaki na madaftari.

1. Kipanya na kishale. Mtoto anayeanza husumbuliwa na jambo moja ambalo sisi tumelisahau: mkono wake unakwenda mbele juu ya meza, lakini kishale kinakwenda juu kwenye skrini. Mwite mtoto mmoja asimame ubaoni akiwa na mshale wa karatasi. Mwingine aketi mezani akiwa ameshika kiberiti kitupu. Kiberiti kikisukumwa mbele, mwenye mshale aupandishe. Kikivutwa nyuma, aushushe. Kikienda kulia, aupeleke kulia. Kiberiti kikifika ukingoni mwa meza, kiinuliwe na kurudishwa katikati, na mshale usisogee hata kidogo. Wakibadilishana zamu kwa dakika kumi, watoto watakaposhika kipanya halisi hawatakiogopa. Sasa wape maneno: kipanya, kishale, kubofya, kubofya mara mbili. Wale waliozoea kugusa simu za wazazi wao waambie kwamba kubofya hufanya kazi ile ile inayofanywa na kidole juu ya kioo.

2. Kibodi. Chora kibodi juu ya karatasi ngumu, moja kwa kila watoto wawili. Waeleze mapema kwamba herufi hazikupangwa A, B, C. Mpangilio huu ulirithiwa kutoka mashine za kupigia chapa za karne ya 19. Watafute herufi za majina yao. Kisha wataje herufi zilizomo kwenye kibodi ambazo hawazihitaji katika maneno ya Kiswahili sanifu. Watagundua wenyewe kuwa ni Q na X. Mtoto anayetafuta hujifunza mahali pa herufi haraka kuliko anayeonyeshwa.

3. Dirisha. Weka madaftari matatu wazi juu ya dawati moja, yakiwa yamepandana. Uliza: "Nikitaka kuandika katika daftari la chini, nifanye nini?" Watajibu kwamba lazima liletwe juu. Kisha liondoe moja na kulifunga, na jingine uliteremshe chini ya dawati likiwa bado wazi. Uliza ni lipi litakalokuwa rahisi kuendelea nalo. Hivyo ndivyo madirisha ya kompyuta yanavyokaa: hupandana, lililo juu ndilo hupokea maandishi, lililofungwa limekwisha kazi, na lililoshushwa lipo ingawa halionekani. Baada ya hapo waonyeshe skrini, na kwa mara ya kwanza litaje neno dirisha. Waambie wazi kuwa neno hili ni la kuazima, na kwamba darasani mna madirisha ya aina mbili.

4. Folda, faili na njia. Chukua boksi kubwa, uandike "Darasa la Tano". Ndani yake tia maboksi madogo mawili, "Hisabati" na "Kiswahili". Ndani ya hayo tia karatasi zenye majina: "Zoezi la kwanza", "Insha ya Asha". Mtume mtoto akatafute "Insha ya Asha", na atamke kwa sauti kila boksi analolifungua. Maneno anayoyatamka ndiyo njia ya faili. Mfano wa anwani utawasaidia: mtu akitafutwa, tunataja mkoa, wilaya, kata, kijiji, kisha jina lake. Karatasi ikitupwa ndani ya boksi bila jina, waache waitafute. Wataona wenyewe kwa nini faili lazima lipewe jina linaloeleweka.

5. Kuhifadhi. Andika sentensi ubaoni, kisha ifute ghafla. Uliza ni nani bado anayo. Aliyeinakili daftarini ndiye anayo. Maandishi yanayochapwa hukaa kwanza katika kumbukumbu ya muda, ambayo hupotea umeme unapokatika. Yanapohifadhiwa huandikwa katika diski, nayo hubaki hata mashine ikizimwa. Ubao ni ile kumbukumbu ya muda, daftari ni diski. Baadhi ya programu za siku hizi hujihifadhia kazi zenyewe, lakini mtoto azoee kuhifadhi kwa hiari yake kila amalizapo aya moja. Katika shule ambayo umeme hukatika mara kwa mara, somo hili lisiachwe hadi mwisho wa muhula.

Kompyuta moja, watoto wengi

Gawa darasa katika vikundi vya watoto watano au sita. Wakati kikundi kimoja kiko kwenye kompyuta, vingine vifanye kazi ya kibodi za karatasi, viberiti na maboksi. Katika kikundi kilicho kwenye mashine, kila mtoto awe na kazi: mmoja ashike kipanya, mmoja asome maagizo, mmoja aandike kilichotokea, wengine waangalie na kusahihisha. Kazi hizo zizunguke. Bila mpango huu, mvulana mmoja mwenye ujasiri atakishika kipanya kipindi kizima, na wengine watageuka watazamaji.

Mwalimu naye ajizuie. Mtoto akikwama, tunapenda kumnyang'anya kipanya na kumwonyesha "haraka haraka". Tendo hilo humfundisha kwamba kompyuta ni ya mwalimu. Weka mikono nyuma, umwulize: "Sasa uko wapi? Unataka kwenda wapi? Unaona mlango gani wa kutokea?" Maswali hayo matatu humjenga mtoto aweze kujitoa mwenyewe anapopotea.

Upimaji

Swali la aina ya "Eleza maana ya folda" hupima kumbukumbu ya maneno. Mwanafunzi aweza kulijibu vizuri sana na asiweze kuifungua folda yenyewe. Ni afadhali umpe kazi: "Fungua folda ya Kiswahili, andika sentensi mbili juu ya mama yako, zihifadhi kwa jina lako, funga dirisha, kisha ukalitafute tena faili lako." Palipo na kompyuta moja, wapime watoto wachache kila kipindi na uweke alama katika orodha, wengine wapimwe kwa maboksi. Kabla ya kuandika maneno ishirini na manne katika andalio, jiulize ni mangapi mtoto atayatenda katika dakika arobaini. Kwa uzoefu wangu, matano ni mengi ya kutosha.

Hitimisho

Yule mwanachuo alirudia somo lake wiki iliyofuata, safari hii kwa madaftari matatu juu ya dawati. Hakumwita yule msichana peke yake mbele ya wenzake. Alimweka katika kikundi cha watoto watano. Zamu yake ilipofika alikishika kipanya, akafunga dirisha la skrini, kisha akalifungua tena bila kuambiwa. Hakuna aliyecheka, na mwanachuo aliniambia kwamba hangemwita tena mtoto yeyote mzito kabla hajalikagua andalio lake mwenyewe.

Maswali ya kujadili

1. Tafuta maneno mengine mawili ya kompyuta ambayo yana maana nyingine katika maisha ya kila siku ya mtoto. Utamwonyeshaje tofauti kabla hujamwambia?

2. Umeme umekatika dakika tano tangu kipindi kianze. Andika andalio la dakika thelathini na tano zilizobaki.

3. Mtoto amehifadhi kazi yake lakini haioni. Orodhesha maswali utakayomwuliza pasipo kugusa kipanya.