Kabla ya Kukaza Ngozi ya Uso: Maswali Matatu ya Dhamiri

Je, ni dhambi kufanyiwa upasuaji wa kukaza ngozi ya uso ili kupunguza mikunjo ya uzee? Kanisa halijibu kwa neno moja. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano kabla ya kufariki, Papa Pio XII aliwahutubia madaktari wa upasuaji wa aina hiyo wa Italia. Alifundisha kwamba uzuri wa mwili ni jema, ila si jema kuu. Basi tupime kwa vigezo vitatu vya Katekisimu (1750): tendo, nia na mazingira.

Kwanza, tendo lenyewe. Daktari huchana ngozi kuzunguka sikio, hukaza nyama za chini yake, hukata ngozi iliyozidi, kisha hushona. Damu yaweza kuvilia chini ya ngozi, hasa kwa mwenye shinikizo la juu la damu. Neva za uso zaweza kuumia. Kwa mvutaji sigara, sehemu ya ngozi yaweza kufa. Sisi wenye ngozi nyeusi huota makovu ya kuvimba kwa urahisi zaidi. Tena upasuaji hausimamishi uzee. Miaka ikipita, ngozi hulegea tena.

Pili, nia. Aliyeungua moto hutafuta kurudishiwa alichopoteza. Mwingine anaogopa kuachwa na mumewe. Huyu ajiulize: kisu kitaponya ndoa, au kitagusa ngozi tu? Katekisimu (2289) inakataa kuuabudu mwili na kutoa kila kitu sadaka kwa ajili yake. Lakini kuutunza mwili si kuuabudu.

Tatu, mazingira. Je, fedha hizo ni karo ya watoto au mkopo? Je, daktari ni bingwa aliyesajiliwa, na ameeleza hatari zote bila kukuharakisha? Nani atakuuguza nyumbani?

Ukishajibu kwa ukweli, sali, zungumza na daktari wa pili na padre wako, kisha amua. Anayeamua kwa dhamiri safi tusimhukumu. Nasi jumuiyani tujichunguze: tukimsalimu mama kwa kumwambia "siku hizi umezeeka", tunamfundisha kuuonea haya uso aliopewa na Mungu.